Mwalimu baada ya kung'atuka: miaka tisa isiyo na cheo (1990–1999)

Kisima (mleta uzi)

Wakuu, kila Oktoba ikifika tunarudia yale yale: Mwalimu Nyerere aling'atuka 1985, akaenda Butiama kulima, basi. Picha hiyo ina kasoro. Urais aliuacha tarehe 5 Novemba 1985, lakini uenyekiti wa CCM alibaki nao hadi Agosti 1990, alipomkabidhi Mwinyi. Kutoka hapo hadi alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 ni miaka tisa na ushei ambayo hakuwa na kiti serikalini wala kwenye uongozi wa juu wa chama, na bado shughuli zake zilizidi za mawaziri wengi waliokuwa ofisini.

Uzi huu ni wa kipindi hicho. Sifa tuziache, zipo za kutosha. Tuzungumze utendaji: kila kazi aliyoifanya, idhini aliipata kwa nani, utaratibu ulikuwaje, ilikwama wapi na kwa nini.

Msimamo wangu niuweke mapema ili mnipinge vizuri. Kiongozi wa chama aliyestaafu hana jeshi, hana bajeti, hana wa kumteua wala wa kumfukuza. Nguvu anayoitumia ni ya kuazima. Kwa hiyo katika kila kazi swali langu ni moja: aliazima kwa nani, na mwenye nayo alikuja kuidai lini?

Karibuni.

Jicho la Kusini

Nianze na Tume ya Kusini, maana ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Wazo lilitangazwa kwenye mkutano wa wakuu wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, Harare, 1986. Tume ikaanza kazi 1987, Mwalimu akiwa mwenyekiti na sekretarieti ikiwa Geneva. Katibu mkuu wake alikuwa Manmohan Singh, huyo huyo aliyekuja kuwa waziri wa fedha wa India 1991 na waziri mkuu kuanzia 2004 hadi 2014. Kwa hiyo kazi hii ilianza angali mwenyekiti wa CCM na ikaisha mwaka ule ule alioachia chama, 1990, ripoti ilipotoka.

Jambo la kiufundi la kuangalia ni kwamba wajumbe walikaa kwa nafsi zao, hawakukaa kama wawakilishi wa serikali zao. Hapo ndipo ripoti ilipata meno ya kusema kwamba sehemu ya matatizo ya nchi za Kusini imetokana na watawala wa nchi hizo wenyewe: ufisadi, matumizi makubwa ya silaha, kuwaweka wananchi pembeni. Tume ya mabalozi isingeandika hivyo. Lakini ukikaa kwa nafsi yako, hakuna serikali inayobanwa na sahihi yako. Ripoti inapokelewa kwa makofi, inawekwa kabatini.

Na muda ulikuwa mbaya. Ripoti inatoka 1990, ukuta wa Berlin umeanguka Novemba 1989, wakubwa wote wamegeuza macho Ulaya Mashariki. Huku kwetu kila nchi ilikuwa imeshaingia chumba cha IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) peke yake na madeni yake, wakati ripoti inasema tuingie pamoja.

Kilichookoa kitu ni hatua iliyofuata. Badala ya kuiacha tume ife, walibakiza ofisi ndogo ya ufuatiliaji, kisha wakatengeneza mkataba kati ya serikali. South Centre ikawa taasisi ya kiserikali rasmi mkataba ulipoanza kutumika tarehe 31 Julai 1995, Mwalimu akiwa mwenyekiti wa bodi. Miaka baadaye kiti hicho alikalia Mkapa. Taasisi ipo hadi leo Geneva, na wataalamu wake bado wanawaandalia wajumbe wa nchi maskini hoja za biashara, afya na hakimiliki.

Mwanafunzi wa Kudumu

Swali kwa mleta uzi. Kwa nini unahesabu kuanzia 1990? Kwa watu wengi kustaafu ni Ikulu. Akitoka Ikulu amestaafu.

Kisima (mleta uzi)

Mkuu, kwa mfumo wa wakati ule hapana. Ilikuwa enzi ya chama kushika hatamu. Halmashauri Kuu ya Taifa ndiyo iliyokuwa inatoa sera, serikali inatekeleza. Mwenyekiti wa chama 1985–90 alikuwa na kiti kinachoweza kumzuia Rais. Ndiyo maana miaka ile watu walisema nchi ina madereva wawili.

Ukitaka ushahidi wa tofauti, angalia mambo mawili. Makubaliano na IMF yalitiwa sahihi Agosti 1986, Mwinyi akiwa Rais na Mwalimu mwenyekiti. Alikuwa ameyakataa masharti yale kwa miaka, lakini hakutumia kiti chake kuyavunja. Kisha Februari 1991, miezi sita tu baada ya kukabidhi uenyekiti, Halmashauri Kuu ikakaa Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha: kiongozi sasa anaweza kuwa na hisa, mshahara zaidi ya mmoja, nyumba ya kupangisha. Jambo hilo halikuguswa alipokuwa anaongoza vikao. Alipotoka likapita.

Kwa hiyo mstari wa kustaafu kwake ni Agosti 1990, si Novemba 1985.

Kura Moja

Naingia kwenye siasa za ndani, kisha nitawaachia wa Burundi.

Vyama vingi kwanza, kwa kifupi. Mapema 1990, akiwa bado mwenyekiti, alisema hadharani kwamba kujadili vyama vingi si uhaini. Tume ya Jaji Nyalali ikaundwa 1991. Karibu watu 80 katika kila 100 walioiambia maoni yao walitaka chama kimoja kiendelee, na bado tume ikapendekeza vyama vingi. CCM ikakubali mwanzoni mwa 1992, sheria ikaanza kazi Julai Mosi mwaka huo. Hapo Mwalimu aliazima kwa CCM yenyewe, na haikuwa vigumu, kwa sababu wakubwa wa chama waliona heri wafungue mlango wenyewe kuliko kuvunjiwa.

Kazi ngumu ilikuwa 1993. Zanzibar ilikuwa imejiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, kelele zikawa kubwa, ikajitoa Agosti 1993. Mwezi huo huo wabunge 55, wale tunaowaita G55, wakapitisha bungeni azimio la kutaka serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Kumbukeni bunge lile lilikuwa la CCM tupu, uchaguzi wa vyama vingi haujafanyika. Yaani waliokuwa wanabomoa sera ya chama ya serikali mbili ni wabunge wa chama hicho hicho, na serikali ikanyamaza.

Mwalimu hakuwa na kikao cha kuwaita. Akafanya vitu vitatu: akazungumza na viongozi faragha, akazungumza hadharani, na akaandika kitabu, *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, kilichochapishwa Harare. Ndani yake hakulaumu wabunge sana. Lawama aliwabebesha Waziri Mkuu Malecela na Katibu Mkuu wa chama Kolimba, kwa majina, kwamba walimshauri Rais vibaya. Mwaka 1994 msimamo wa serikali tatu ukaachwa. Desemba 1994 baraza likabadilishwa, Malecela akaondoka kwenye uwaziri mkuu na Msuya akaingia.

Tazameni alivyolenga. Wabunge 55 huwezi kuwafukuza wote. Washauri wawili unaweza. Hapo aliazima kalamu ya uteuzi kwa Mwinyi, kwa kumfanya aone kuwa kutoitumia kutamgharimu zaidi.

Mwanafunzi wa Kudumu

Na 1995? Huko ndiko kila mtu anasema Mwalimu "alimweka" Mkapa.

Kura Moja

Tukokotoe, maana tarakimu za Dodoma, Julai 1995, zinajulikana.

Mkutano Mkuu wa CCM wa kuteua mgombea urais ulipewa majina matatu. Raundi ya kwanza: Kikwete 534, Mkapa 459, Msuya 336. Jumla 1,329. Kushinda moja kwa moja kulihitaji kura 665. Hakuna aliyezifikia, Msuya wa mwisho akatolewa. Raundi ya pili: Mkapa 686, Kikwete 639. Jumla 1,325, yaani kura nne zilipungua njiani.

Kama waliompigia Mkapa na Kikwete mwanzoni hawakuhama, basi katika kura za Msuya takriban 227 zilikwenda kwa Mkapa na 105 kwa Kikwete. Theluthi mbili kwa moja. Huo ndio ukubwa halisi wa mkono wa Mwalimu ndani ya ukumbi ule, tena si wote ni wake: Msuya naye alikuwa na wapambe wenye hesabu zao. Tofauti ya mwisho ni kura 47. Wajumbe 24 wangebadili mawazo, Mkapa angebaki na 662 na Kikwete angekuwa na 663.

Kwa hiyo "alimweka" ni neno kubwa mno kwa matokeo yale. Ushawishi wake ulikuwa mkubwa kabla ya ukumbi, kwenye kuchuja majina hadi kubaki matatu. Ndani ya ukumbi, kwenye kura ya siri, ulikuwa wa kusukuma kidogo tu. Baadaye kwenye kampeni akazunguka nchi kumnadi Mkapa dhidi ya Mrema aliyekuwa ametoka CCM na kuingia NCCR-Mageuzi, na Mkapa akapata asilimia 61.8 dhidi ya 27.8 za Mrema.

Shina la Mbuyu

Hapo umeweka nyama, mkuu. Ila usisahau kwamba kumnadi mgombea wa chama kimoja kulimpunguzia kitu pia. Kuanzia hapo upinzani ukamuona mpiga kampeni wa CCM kama wengine, na hadhi ya baba wa wote ikapungua kwao. Mtu akishatumia mtaji wa heshima upande mmoja, upande wa pili haumkopeshi tena.

Ziwa Magharibi

Burundi sasa. Huku ndiko maisha yake ya mwisho yalikoishia, akisuluhisha vita ya wenyewe kwa wenyewe kati ya jeshi lililoshikwa na Watutsi na waasi wa Kihutu, na ndiko kuna mafunzo ya kazi yenyewe ya usuluhishi.

Idhini ilianza kwenye mikutano iliyoandaliwa na Kituo cha Carter: Cairo Novemba 1995, Tunis Machi 1996, marais wa ukanda wakiwepo. Waliokuwa wanazungumziwa ni watu wanne: Carter, Tutu, Touré wa Mali na Nyerere. Mwalimu ndiye aliyebeba. Umoja wa Afrika wa wakati ule, OAU, na Umoja wa Mataifa wakaunga mkono.

Hatua ya kwanza ilikuwa Mwanza, Aprili na tena Juni 1996. Aliketisha FRODEBU na UPRONA, vyama viwili vikubwa, akaamini vikikubaliana nchi itatulia. Haikufanya kazi, na sababu ni rahisi kuiona leo. Bunduki zilikuwa za watu wawili ambao hawakuwa mezani: jeshi upande mmoja, waasi wa CNDD upande mwingine. Ukiketisha wanasiasa peke yao wanaongea vizuri, wanarudi nyumbani kuuliza wenye silaha, wanaambiwa hapana.

Juni 25 mkutano wa marais Arusha ukajadili ombi la Burundi la msaada wa ulinzi, yaani askari wa nje. Jeshi la Burundi likaona linavuliwa nguo. Julai 25 Buyoya, mwanajeshi, akapindua serikali ya Rais Ntibantunganya. Siku sita baadaye, Julai 31, marais wakarudi Arusha na kuweka vikwazo vya kiuchumi. Masharti ya kuviondoa yalikuwa matatu: bunge lirudishwe, vyama vifunguliwe, mazungumzo yaanze na pande zote bila masharti.

Mleta uzi, hapa ndipo nguvu ya kuazima inaonekana waziwazi. Msuluhishi alikuwa Nyerere, lakini aliyeshika kufuli la bandari ni marais, Museveni wa Uganda akiwa mwenyekiti wao. Faida ni kwamba Buyoya hakuweza kumpuuza. Hasara ni kwamba Buyoya akamwona mzee ni sehemu ya wanaombana, na Tanzania iliyokuwa na kambi za wakimbizi Kigoma akaiita kichaka cha waasi.

Reli ya Kati

Niongeze upande wa mizigo, maana watu wanasema "vikwazo" kana kwamba ni kitu cha kwenye karatasi.

Njia kuu ya Burundi ilikuwa Bujumbura, meli ya Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, reli hadi Dar es Salaam. Njia ya pili ni barabara ya kaskazini kupitia Rwanda na Uganda hadi Mombasa. Ya tatu ni kusini kwa ziwa, Mpulungu, Zambia. Ukifunga ya kwanza peke yake umeumiza sana. Kahawa ndiyo iliyokuwa inaleta sehemu kubwa ya fedha za kigeni za Burundi, na mafuta yote yanatoka nje.

Kilichoharibika ni vitu vitatu, na kila mpangaji wa vikwazo angevijua mapema.

Kwanza, kuvuja. Nchi zote za jirani zilitia sahihi, lakini si zote zilikuwa na sababu sawa ya kufunga. Mpaka wa Rwanda ulikuwa laini tangu mwanzo. Mafuta yakapanda bei Bujumbura, ila hayakukosekana, na wenye vibali vya jeshi ndio wakawa wauzaji. Kikwazo kikageuka biashara ya waliokusudiwa kubanwa.

Pili, wanaoumia ni wengine. Mbolea, mbegu, dawa, vifaa vya shule vilizuiwa pamoja na vingine, mashirika ya misaada yakapiga kelele, na Aprili 1997 vikalegezwa kwa bidhaa hizo. Orodha ya misamaha ilitakiwa iwepo siku ya kwanza.

Tatu, na hili ndilo la msingi: hakukuwa na ngazi. Septemba 1996 Buyoya alirudisha bunge na kuruhusu vyama, ingawa kwa mipaka. Alitaraji apate kitu. Hakupata kitu. Kama masharti ni matatu, kila moja likitimizwa lazima kuwe na kufuli moja linalofunguliwa, iandikwe kabisa. La sivyo anayebanwa anaona hata akisogea hasogezewi. Vikwazo vilisimamishwa Januari 23, 1999, miezi saba baada ya mazungumzo ya pande zote kuanza.

Shina la Mbuyu

Lakini bila vikwazo Buyoya angekwenda Arusha? Si alikuwa anaongea na CNDD kwa siri kule Roma kwa Sant'Egidio, jumuiya ya Kikatoliki, wakati huo huo?

Ziwa Magharibi

Alikuwa anaongea, ndiyo, tangu 1996, na Machi 1997 walifikia makubaliano ya ajenda. Yakavuja Mei, wanasiasa wa Kitutsi wenye msimamo mkali wakamgeukia, njia ile ikafa. Agosti 1997 Arusha ikaitishwa, serikali haikutokea. Ukweli ni kwamba Buyoya alikwenda mezani Juni 1998 baada ya kwanza kufunga mkataba wa ndani na bunge lake lililokuwa na FRODEBU wengi, ili afike Arusha akiwa ameshikana nao mkono. Vikwazo vilimsukuma, lakini mlango alichagua mwenyewe.

Meza ya Duara

Hapo mmefika ninapotaka. Mazungumzo yenyewe yalivyopangwa.

Yalifunguliwa Arusha tarehe 15 Juni 1998, Ukumbi wa Mikutano wa Kimataifa (jengo lile lile ilimokuwa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wajumbe wa Burundi walipita mbele ya kile kinachotokea mazungumzo yakishindikana). Pande 19: serikali, bunge, na vyama 17. Uamuzi ni kwa maafikiano, si kwa kura.

Kumi na tisa ni wengi mno. Vingine vilikuwa vyama vya mkoba, mwenyekiti na katibu wake. Mwalimu aliviruhusu vyote kwa hoja kwamba ukianza kuchuja utaonekana unapendelea. Matokeo yake vikajipanga makundi mawili: G7 vyenye Wahutu wengi, G10 vyenye Watutsi wengi. Makundi hayo yalirahisisha mashauriano, maana badala ya kuongea na 19 unaongea na wasemaji wawili. Lakini yaliufanya mgogoro uonekane wa kikabila zaidi kuliko ulivyoingia mlangoni, na vyama vidogo vikapata uzito visivyostahili. Kuna na jambo la posho. Wafadhili walilipia vikao, na kwa mwanasiasa mdogo wa Bujumbura siku za Arusha zilikuwa na faida kuliko siku za nyumbani. Hakuna msuluhishi anayependa kulisema hadharani, ila kila anayepanga bajeti ya mazungumzo analijua: posho isiyo na ukomo inarefusha kikao.

Kilichofanya kazi ni kamati. Kulikuwa na tano, na wenyeviti walitoka nje ya ukanda unaogombana:

Ya kwanza, asili ya mgogoro, chini ya Armando Guebuza wa Msumbiji. Ya pili, demokrasia na utawala bora, Nicholas Haysom wa Afrika Kusini, mwanasheria aliyepitia mazungumzo ya kwao. Ya tatu, amani na usalama, padri Matteo Zuppi wa Sant'Egidio, ambaye sasa ni kardinali. Hapo angalieni ufundi: wale wa Roma waliokuwa njia shindani wakaingizwa ndani ya kamati. Ya nne, ujenzi mpya na maendeleo, Georg Lennkh wa Austria. Ya tano, dhamana za utekelezaji, ikaachwa ianze mwisho kwa sababu huwezi kudhamini kitu ambacho hakijaandikwa.

Mwalimu mwenyewe hakukaa kwenye kamati. Alifungua, alifunga, aliwaita wakubwa pembeni. Kazi ya kila siku ilikuwa ya Jaji Mark Bomani na timu iliyokaa chini ya Taasisi ya Mwalimu Nyerere, iliyoanzishwa 1996.

Mwanafunzi wa Kudumu

Na lile la waasi wa FDD kuachwa nje? Nimeona wengi wakilitaja kama kosa lake kubwa.

Meza ya Duara

Linastahili maelezo, si kulaumu tu.

Mwezi mmoja kabla ya kufungua, Mei 1998, CNDD ilipasuka. Nyangoma, mwanasiasa, akabaki na jina. Ndayikengurukiye, mwenye wapiganaji, akaondoka na CNDD-FDD. Mwalimu alikuwa ameshamwalika Nyangoma na akakataa kumwalika aliyejitenga. Hoja yake: ukimpa kiti kila anayepasua kundi lake, kesho utakuwa na makundi ishirini, kwa sababu umewafundisha kwamba njia ya kufika mezani ni kujitenga.

Hoja ina mantiki. Kasoro yake ni kwamba inachukua kila mpasuko kuwa sawa. Palipopasuka pale, upande mmoja ulibaki na barua na muhuri, mwingine na karibu bunduki zote. Palipehutu-FNL, kundi jingine la waasi wa Kihutu, nayo haikuwepo. Kwa hiyo kamati ya Zuppi ikawa inaandika itifaki ya kusitisha mapigano na watu ambao hawapigani. Mapigano yaliendelea nje ya ukumbi muda wote, na ukisoma makubaliano ya mwisho utaona pale penye usitishaji mapigano pana ahadi tu.

Kisima (mleta uzi)

Na hapo ndipo mwenye nguvu za kuazima anapokosa la kufanya. Marais waliweza kumfungia Buyoya bandari. Kundi la msituni ungelifungia bandari ipi?

Ziwa Magharibi

Sahihi. Na ndipo tofauti ya Mandela ilipo. Mwalimu alifariki Hospitali ya St Thomas' Oktoba 14, 1999, kwa saratani ya damu, mazungumzo yakiwa katikati. Mandela aliteuliwa Desemba Mosi. Katika wiki zile hakuna aliyeanza upya: rasimu za kamati zilikuwa kwa Bomani, wenyeviti walikuwa wale wale, ukumbi ule ule. Hilo ndilo jambo la kupima kazi ya mzee. Aliondoka mtu, kazi haikusimama.

Mandela alibadilisha mambo matatu. Aliwafuata waasi walioachwa nje na kutaka waingie. Aliwakemea wanasiasa mbele ya wageni, kitu ambacho Mwalimu alikifanya faragha. Na akaweka tarehe: Agosti 28, 2000, akamwalika Rais Clinton wa Marekani, ili kukataa kutia sahihi kuwe aibu ya dunia nzima. Alikuwa na mkopeshaji mkubwa kuliko marais wa ukanda.

Sahihi zikawekwa siku hiyo, si zote. Baadhi ya vyama vya G10 vilikuja kutia wiki zilizofuata, vingine na maelezo ya pembeni. Makubaliano yana itifaki tano. Zihesabu na kamati za 1998: ni zile zile, kwa mpangilio ule ule. Na tarakimu zilizoingia kwenye katiba ya Burundi 2005 zilitoka kwenye mchakato ule: serikali na bunge asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, seneti nusu kwa nusu, jeshini kabila lolote lisizidi asilimia 50.

Kura Moja

Basi turukie 2016 tuone kinyume chake. Mkapa, mwenyekiti mstaafu wa CCM tangu 2006, anateuliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2016 kuwezesha mazungumzo ya Burundi hiyo hiyo, Arusha hiyo hiyo. Kwa uzoefu hakuwa mgeni: 2008 alikuwa Nairobi na Kofi Annan na Graça Machel kusuluhisha mgogoro wa Kenya. Mbona Arusha ilimshinda?

Meza ya Duara

Kwa kipimo cha mleta uzi jibu ni fupi: hakuna aliyemkopesha.

Rais Nkurunziza wa Burundi alikuwa ameshashinda muhula wa tatu 2015, kwa hiyo kitu kilichokuwa kinagombaniwa kilikuwa kimeshachukuliwa. Serikali ilikataa kukaa na iliowatuhumu kwa jaribio la mapinduzi la Mei 2015, na wengi wa hao ndio waliokuwa upinzani wa nje. Mkapa akawa anaongea na kila upande chumba chake. Hakuna rais wa ukanda aliyefunga mpaka, na Burundi yenyewe ilikuwa mwanachama wa jumuiya iliyomtuma msuluhishi, yenye kiti kwenye mkutano unaopokea ripoti yake. Oktoba 2018 kikao cha tano kikafanyika bila serikali. Februari 2019 akakabidhi ripoti kwa wakuu wa nchi na kuishia hapo.

Ufundi wake haukuwa mdogo kuliko wa mzee. 1996 marais walikaa siku sita baada ya mapinduzi na kufunga njia zote. 2016 walikaa, wakapiga picha.

Reli ya Kati

Swali dogo la mwisho kutoka kwangu. Mmesema Agosti 2000 walitia sahihi bila usitishaji mapigano. Je, na nani angeongoza mpito lilikuwa limeamuliwa?

Ziwa Magharibi

Halikuamuliwa. Lilisukumwa mbele makusudi, maana lingevunja sherehe. Likamalizwa Julai 2001, tena Arusha: miezi 36 ya mpito igawanywe mara mbili, Buyoya miezi 18 ya kwanza akiwa na makamu Mhutu, kisha Ndayizeye wa FRODEBU miezi 18 ya pili akiwa na makamu Mtutsi. Buyoya alianza Novemba Mosi 2001 na alikabidhi Aprili 30, 2003, kama ilivyoandikwa. Utekelezaji ulisimamiwa na kamati iliyoongozwa na Berhanu Dinka wa Umoja wa Mataifa, iliyotoka kwenye itifaki ya tano. FDD waliingia kwa mikataba ya Pretoria mwaka huo huo wa 2003. FNL wakachukua miaka mingine tena.